Faroma na Kalibu: Historia ya Majina ya Vitu Viongozavyo Fuwele za Zeolaiti

I. Makusudio

Ni desturi ya watungaji wa istilahi kulichukua neno la kigeni, kuitazama maana yake katika kamusi, kisha kulitafutia neno la Kiswahili lililo karibu nalo. Njia hii yatosha pale ambapo neno lenyewe la kigeni lasema kweli. Lakini yako maneno ya sayansi yaliyotungwa kabla ya jambo lenyewe kufahamika vema, na yakaendelea kutumiwa hata baada ya ujuzi kuyapita. Mwenye kuyafasiri maneno ya namna hii neno kwa neno huurithi upotofu ambao wenye lugha yao wenyewe wamekwisha kuushuku.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha mfano mmoja, nao ni wa jina ambalo wanakemia walivipa vitu vya kikaboni vitiwavyo katika mchanganyiko wakati wa kutengeneza zeolaiti. Kwa Kiingereza vitu hivyo viliitwa «template», na mtu aombwaye kuifasiri istilahi hiyo kwa haraka hatakosa kusema «kalibu». Nitajaribu kueleza kwa nini neno kalibu halifai, na kwa nini lugha yetu ina neno jingine, la zamani na la nyumbani, lifaalo zaidi. Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kuifuata historia tangu mwanzo, kwa maana majina haya yalizaliwa moja baada ya jingine, na kila moja lilibeba itikadi ya wakati wake.

II. Jiwe lichemkalo, na chekeche

Jina la kwanza ni zeolaiti lenyewe. Mwaka wa 1756 Axel Fredrik Cronstedt, mtaalamu wa madini wa Uswidi, alitoa habari za jiwe ambalo, likipulizwa moto mkali, hufura na kutoa povu kana kwamba lachemka. Akaliita kwa maneno mawili ya Kiyunani, zein, yaani kuchemka, na lithos, yaani jiwe. Cronstedt aliliita jiwe kwa tendo aliloliona, wala hakudai kujua sababu yake. Huenda ndiyo maana jina lake halijachakaa kwa muda wa zaidi ya miaka 260.

Sababu ilifahamika kidogo kidogo. Mwaka wa 1840 Mfaransa Augustin Damour alionyesha kwamba maji ya mawe haya yaweza kutolewa kwa joto na kurudishwa tena, na jiwe lisiharibike. Basi maji hayo yalikuwa na makao ndani ya jiwe, na makao hayo yalibaki wazi yakiisha kuhamwa. Mwaka wa 1925 Weigel na Steinhoff, Wajerumani, waliona kwamba zeolaiti iitwayo kabazaiti huingiza ndani yake mvuke wa spiriti, lakini huukataa mvuke wa benzini. Na mwaka wa 1932 J. W. McBain aliutaja mwenendo huo kwa jina lililoenea duniani kote, ambalo kwa lugha yetu ni «chekeche la molekuli».

Jina hili ni zuri, walakini si kamili. Mwenye kuchekecha unga aona unga mwembamba ukipita na kuanguka chini, na chenga zikibaki juu. Katika zeolaiti kilicho kidogo huingia na kukaa ndani, na kilicho kikubwa hubaki nje mlangoni. Hata hivyo chekeche lilifundisha jambo moja la kweli, kwamba lililo muhimu katika jiwe hili ni kipimo cha tundu. Leo twajua kwamba zeolaiti ni ujenzi wa atomu za silikoni na alumini, kila moja ikishikana na atomu nne za oksijeni, na ujenzi huo huacha vijia na vyumba ambavyo vipimo vyake havibadiliki kutoka mahali hata mahali. Kijia cha zeolaiti maarufu iitwayo ZSM-5 kina upana wa kadiri ya nusu nanometa, nayo nanometa ni sehemu moja katika milioni ya milimita.

III. Jinsi vitu vya kikaboni vilivyoingia chunguni

Kutengeneza zeolaiti kwa mkono wa mwanadamu kulianza zamani. Yasemwa kwamba Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville alipata moja mwaka wa 1862. Lakini aliyeifanya kazi hiyo kuwa elimu yenye taratibu ni Richard Barrer, mzaliwa wa New Zealand aliyefundisha Uingereza. Mwaka wa 1948 alitangaza zeolaiti ambayo mfano wake haukujulikana katika mawe ya asili. Huko Marekani, tangu mwaka wa 1949, Robert Milton na Donald Breck wa kampuni ya Union Carbide walipata zeolaiti A, X na Y, ambazo ziliingia katika viwanda vya kukausha gesi na kusafisha petroli.

Mapishi ya wakati huo yalikuwa ya madini matupu: silika, alumina, magadi makali na maji, vikachemshwa pamoja katika chombo kilichofungwa. Zeolaiti zilizotoka zilikuwa na alumini nyingi, na kwa sababu hiyo nyingi kati yake hazikustahimili joto kali wala asidi. Hapa ndipo penye hesabu iliyozaa mambo yote yafuatayo. Kila atomu ya alumini katika ujenzi huleta chaji hasi moja, na chaji hiyo haina budi kusawazishwa na ioni chanya ikaayo chumbani. Ioni ya sodiamu ni ndogo, na nyingi zaweza kukaa chumba kimoja. Je, ikitiwa ioni kubwa? Chumba kitajaa upesi, ioni chanya zitakuwa chache, na alumini italazimika kupungua.

Mwaka wa 1961 Barrer na mwenziwe P. J. Denny walitoa habari za zeolaiti zilizotengenezwa kwa ioni ya kikaboni yenye mikono minne ya methili, nayo ni tetramethilamoni. Kwa wakati ule ule George Kerr na wenziwe katika kampuni ya Mobil, Marekani, walikuwa katika njia hiyo hiyo. Matunda yake yalikuwa makubwa kuliko ilivyotarajiwa. Ioni yenye mikono minne ya ethili ilileta zeolaiti Beta, ambayo hataza yake ilitolewa mwaka wa 1967. Na ile yenye mikono ya propili ilileta ZSM-5, iliyopewa hataza mwaka wa 1972 kwa majina ya Argauer na Landolt. Ujenzi wa ndani wa ZSM-5 ulipotangazwa mwaka wa 1978, ulionekana kuwa na vijia vya namna mbili, vilivyonyoka na vya kupindapinda, vikikutana katika njia panda. Na katika kila njia panda ndipo ilipokuwa imekaa ioni ya kikaboni, mikono yake minne ikiwa imenyooshwa ndani ya vijia.

Picha hiyo yavutia mno. Mtu aionaye hasiti kusema kwamba kitu cha kikaboni kimelichonga jiwe kwa sura yake. Neno «template» likapata nguvu, na pamoja nalo itikadi kwamba apatikanaye na molekuli ya sura fulani atapata na jiwe la sura iyo hiyo.

IV. Upungufu wa kalibu

Sonara asubuye fedha huimimina katika kalibu, na fedha haina hiari: itoke kama kalibu ilivyo. Kalibu moja hutoa sura moja, na sura moja yatoka katika kalibu moja. Hili ndilo neno kalibu linalolidai, na hili ndilo ambalo zeolaiti zilikataa kulithibitisha.

Ushahidi ulitoka pande mbili. Kwanza, molekuli nyingi zisizofanana zaweza kuleta ujenzi mmoja. Mwaka wa 1982 watafiti wa Union Carbide walitangaza jamii mpya ya machekeche, yaliyojengwa kwa alumini na fosforasi badala ya silikoni. Na mmoja wa jamii hiyo, aitwaye AlPO4-5, ulionekana kutokea kwa vitu vya kikaboni vingi vya sura mbalimbali. Pili, molekuli moja yaweza kuleta ujenzi mbalimbali, kwa kadiri ya joto, muda na mizani ya mchanganyiko. Mwaka wa 1992 Mark Davis na Raul Lobo waliyapanga mambo haya katika daraja tatu. Daraja la chini ni kitu ambacho chajaza nafasi tu, ili ujenzi usiporomoke. La kati ni kitu kinachouelekeza ujenzi upande mmoja kuliko mwingine. La juu ni kalibu ya kweli, ambayo jiwe huifuata sura yake sawasawa. Na kwa daraja hilo waliona mfano mmoja tu ulio dhahiri, ZSM-18, uliotokana na ioni kubwa yenye pembe tatu. Tangu hapo waandishi wengi wamependelea kusema «kielekezi cha ujenzi», lakini neno la zamani halikufa, na hata leo lasomwa katika vitabu.

Upungufu wa pili wa kalibu ni mzito zaidi kwa makusudi yetu. Kalibu hutoa sura ya nje. Lakini ioni iliyokaa katika njia panda za ZSM-5 yahusika na mpango wa ndani, nao ni jambo jingine kabisa na sura ya nje ya fuwele. Kiswahili hutofautisha mambo haya pasipo taabu, kwa maneno mawili yaliyozaliwa na kitenzi kimoja cha kuumba: umbile ni jinsi kitu kilivyojengeka, na umbo ni sura ionekanayo. Fuwele mbili zaweza kuwa na umbile moja na maumbo mawili.

V. Habari za umbo

Ilimu ya kuligeuza umbo bila kuligusa umbile ni ya zamani kuliko viwanda vya zeolaiti. Mwaka wa 1783 Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle alieleza kwamba chumvi ya kawaida, ambayo fuwele zake ni za mraba wa pande sita, hutoa fuwele za pande nane ikiwa maji yake yametiwa mkojo. Chumvi ni ile ile, mpango wa atomu zake ni ule ule. Umbo tu limegeuka.

Sababu yake hustaajabisha mtu aisikiapo mara ya kwanza. Fuwele hukua kwa kuongezewa tabaka juu ya nyuso zake, na nyuso hazikui kwa mwendo mmoja. Uso ukuao upesi husukumwa mbele, ukizidi kuwa mdogo, hata ukatoweka katika ncha au ukingo. Uso ukuao polepole huachwa nyuma, ukapanuka, na mwishowe ndio utawalao sura ya fuwele. Basi kitu kigeni kikinata juu ya uso mmoja na kuuchelewesha, uso huo utakuwa mpana. Lile linalozuiwa ndilo linaloonekana.

Fuwele za ZSM-5 zitengenezwazo kwa njia ya kawaida mara nyingi zina umbo ambalo wanakemia hulifananisha na jeneza: ndefu, pana kidogo, na nyembamba upande wa tatu. Vijia vyake vilivyonyoka hupita katika ule upande mwembamba. Hapa umbo si urembo. Molekuli itakayo kuingia, kugeuzwa kemikali, na kutoka, husafiri kwa kubahatisha, na muda wa safari hiyo huongezeka kwa mraba wa urefu wa njia: njia ikipunguzwa nusu, muda huwa robo. Fuwele nene huchelewesha wageni wake, na waliochelewa huungana wao kwa wao wakawa masizi, na masizi huziba milango. Kiwanda cha Motunui huko New Zealand, kilichoanza mwaka wa 1985 kugeuza methanoli kuwa petroli kwa ZSM-5, kilikuwa na jambo hili katika hesabu zake za kila siku: kichocheo kikiziba, hakina budi kuchomwa ili kisafishwe.

Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne hii watafiti wameuelekeza uangalifu wao kwenye umbo. Michael Tsapatsis na wenziwe, katika kazi zilizotoka mwaka wa 2003 na 2004, walichukua ile ioni ya propili na kuiunganisha mbili mbili na tatu tatu. Umbile likabaki lile lile la ZSM-5, lakini mwendo wa nyuso ukabadilika, na kwa njia hiyo wakaweza kutandaza utando ambao vijia vyake vilivyonyoka vyote vimesimama wima, ukatenga zaileni ya namna moja na ya namna nyingine. Mwaka wa 2009 Ryong Ryoo na wenziwe wa Korea ya Kusini walitangaza karatasi za zeolaiti zenye unene wa nanometa 2 tu. Na huko Houston, Marekani, Jeffrey Rimer na Alexandra Lupulescu walionyesha mwaka wa 2012 kwamba vitu vya kikaboni visivyoingia kabisa katika vijia, bali vikinata juu ya uso tu, vyaweza kuibadili fuwele unene na upana. Kimojawapo ni spermini, ambayo fuwele zake ziliwahi kuonekana na Leeuwenhoek katika manii katika karne ya 17. Msomaji atauona mshabaha: kwa Romé de l'Isle ulikuwa mkojo, na kwa hawa ni kitu kilichoonekana kwanza katika manii.

VI. Faroma

Sasa turudi kwenye maneno. Tumeona kazi mbili. Ya kwanza hufanyika ndani, nayo yahusu umbile. Kitu cha kikaboni huzungukwa na ujenzi, kisha hutolewa. Ya pili hufanyika nje, nayo yahusu umbo. Kitu hunata usoni, huzuia, kisha huoshwa. Kuziita zote mbili kalibu ni kuzichanganya.

Kwa kazi ya kwanza napendekeza neno faroma. Wasomaji wa pwani walijua: ni kile kibao cha mviringo ambacho kofia iliyofuliwa huvikwa juu yake isije ikasinyaa ikikauka. Neno lenyewe ni la Kireno kwa asili, lakini limekwisha kuwa letu. Tazama jinsi linavyolingana na jambo. Faroma hukaa ndani, na kitu chenye kuhifadhiwa huwa nje yake. Ikiisha kazi hutolewa, na mahali pake hubaki nafasi, na nafasi hiyo ndiyo faida ya kofia, kwa maana ndimo kiingiamo kichwa. Zeolaiti nayo faida yake ni nafasi iliyobaki baada ya ioni kuondolewa. Tofauti ni moja: faroma ya kofia hutolewa kwa mkono, na ya zeolaiti, kwa kuwa mikono yake imenaswa vijiani, huchomwa kwa joto la kadiri ya nyuzi 550 za Selsiasi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kalibu yetu ni neno la Kiarabu, qalib, na wataalamu wengi huirudisha kwenye neno la Kiyunani la kibao cha mshona viatu, ambacho kiatu hushonwa kukizunguka. Kama ndivyo, maana ya kale ya kalibu ilikuwa karibu na faroma, na matumizi ya masonara ndiyo yaliyoigeuza ndani ikawa nje. Lakini lugha huhukumiwa kwa matumizi ya sasa. Na mwanafunzi wa leo aisikiapo kalibu hufikiri juu ya kitu kinachomiminiwa.

Kwa kazi ya pili sina neno la kale la kuleta. Natosheka na «kizuia-uso», kwa kuwa lasema tendo lenyewe wala halidai zaidi, kama vile Cronstedt alivyofanya kwa jiwe lake. Neno «kirekebisha-umbo» laweza kupendeza zaidi masikioni, lakini laficha ile siri ambayo mwanafunzi anahitaji kuijua, kwamba umbo hupatikana kwa kuzuia.

VII. Pingamizi

Huenda mtu akasema kwamba mpaka kati ya faroma na kizuia-uso si imara. Ni kweli. Molekuli ya Ryoo ina kichwa chenye ioni mbili na mkia mrefu wa kaboni 22. Kichwa huingia katika njia panda na kufanya kazi ya faroma, na mkia hubaki nje ukizuia unene usiongezeke. Hili halivunji istilahi zetu; bali laonyesha manufaa yake, kwa maana bila maneno mawili tusingeweza kusema kwamba kitu kimoja kina kazi mbili.

Mwingine atasema kwamba faroma haishoni kofia. Nami nakubali kwa furaha. Kofia ilikwisha kushonwa. Faroma huizuia tu isinyae, na faroma moja hufaa kofia nyingi, na kofia moja hukubali faroma zaidi ya moja. Hayo ndiyo Davis na Lobo waliyoyasema juu ya sehemu kubwa ya vitu hivi. Neno lidailo machache lina hatari ndogo kuliko lidailo mengi.

Wa tatu atauliza kama zeolaiti zahitaji faroma hata kidogo. Nyingi hazihitaji, na ushahidi uko kwetu. Mwaka wa 1963 mwanajiolojia Richard Hay alitoa maelezo ya zeolaiti za Olduvai, katika Tanganyika ya wakati ule: majivu ya volkano yaliyolowa katika maji yenye magadi yaligeuka yenyewe kuwa zeolaiti, pasipo chombo wala mwanakemia. Mapishi ni yale yale ya Barrer, isipokuwa moto wake ni mdogo na subira yake ni kubwa. Faroma, basi, si sharti la zeolaiti zote. Ni ya zile ambazo magadi na silika peke yake havikuweza kuzipata.

Na kwa kuwa tumetaja magadi, yafaa kuongeza jambo moja. Mwaka wa 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili mapya ya silika na sodiamu kutoka Ziwa Magadi, Kenya, akayaita magadiaiti na kenyaiti. Leo majina hayo yasomwa katika maabara za Ulaya, Asia na Marekani, kwa sababu magadiaiti mara nyingine hutokea chunguni bila kualikwa, pale mtu alipotaka zeolaiti yenye silika nyingi. Hivyo neno la sokoni na jikoni kwetu limekwisha kuwa istilahi ya elimu hii, wala hakuna aliyeliona kuwa duni.

VIII. Tamati

Zeolaiti zenye umbile linalojulikana zimepita 250, na kila umbile limepewa herufi tatu za kulitambulisha. ZSM-5, kwa mfano, ni MFI. Herufi hizo hazitaki tafsiri. Yanayotaka tafsiri ni maneno yanayoeleza kazi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayomwongoza mwanafunzi katika kufikiri. Akifundishwa kalibu, atatafuta molekuli yenye sura ya jiwe alitakalo, na atashangaa akilikosa. Akifundishwa faroma na kizuia-uso, umbile na umbo, ataanza pale ambapo wenye elimu hii walifika baada ya miaka 30 ya kusahihishana. Wenye rai iliyo bora na waitoe, ili neno litakaloingia vitabuni liwe limepimwa kwanza.